Aliyepotea Hutafutwa, Aliyeharibika Hutupwa

Nyumba ya mama mkwe wangu iko Tandika, nyuma ya soko, na katika sebule yake vilifanyika vikao viwili ndani ya mwaka mmoja. Cha kwanza kilimhusu mume wangu. Cha pili kilinihusu mimi. Vyote viwili nilivisikiliza nikiwa jikoni, nyuma ya pazia, kwa sababu hata kwenye kikao changu mwenyewe sikuitwa.

Kwenye kikao cha kwanza baba mkubwa alifungua kwa dua, kisha akasema, "Kijana wetu amepotea." Wote wakaitikia: amepotea. Wakaulizana ni nani aliyempoteza, amepotelea kwa marafiki gani, na atarudishwaje. Kabla chai haijapoa walikuwa wameshaanza kuchangishana. Shangazi mmoja alivua hereni zake za dhahabu zikauzwe. Wiki ile ile mume wangu akapelekwa kwenye nyumba ya upataji nafuu, hizi ambazo mtaani tunaziita soba hausi, akakaa huko miezi minne.

Kwenye kikao cha pili, miezi saba baadaye, hapakuwa na dua. Baba mkubwa huyo huyo alisema, "Huyu mwanamke ameharibika." Wakaitikia: ameharibika. Hakuna aliyeuliza nani aliyeniharibu, ingawa jibu lilikuwa limekaa nao pale pale kwenye zulia, limenenepa, limevaa kanzu mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya kumpokea. Lililojadiliwa lilikuwa swali moja tu: mtoto abaki na nani.

Nimetembea na maneno hayo mawili kwa miaka tisa. Kitu kilichopotea hutafutwa. Thamani yake iko pale pale, hakionekani tu. Maziwa yakiharibika huyatafuti. Unayamwaga, kisha unaosha chombo ili yasiharibu mengine. Unga tuliokuwa tunavuta mimi na mume wangu ulikuwa ule ule, umetoka kwa muuzaji yule yule, kete za bei ile ile, chumba kimoja, kiberiti kimoja. Lakini yeye alipotea na mimi nikaharibika. Ninachodai hapa ni kwamba tofauti hiyo ya neno ndiyo inayoamua nani atafutiwe tiba na nani aachwe afe, na kwamba tusipoiondoa, dawa yote iliyopo hospitalini itaendelea kuwapita wanawake.

Nieleze nilivyoanza, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila mahali. Nilikuwa nauza mitumba ya watoto pale sokoni. Binti yangu alizaliwa kwa upasuaji na kidonda kilichelewa kufunga. Siku ya kumi na mbili nilikuwa tayari nafua na kubeba ndoo za maji. Mume wangu alikuwa anavuta kwa zaidi ya mwaka. Nilijua na nikanyamaza, kwa sababu siku ya kuolewa niliambiwa kwamba mambo ya chumbani hayatoki nje. Usiku mmoja nikiwa nalia kwa maumivu akaniwekea unga kidogo kwenye sigara. "Vuta hii, utalala." Nikavuta, nikalala. Ulikuwa usingizi wangu wa kwanza wa maana tangu nijifungue, na asubuhi niliamka nikimpenda kuliko siku zote.

Naona msomaji ameanza kunihurumia. Ngoja kwanza. Huruma hiyo ina masharti, na masharti yenyewe ndiyo sehemu ya tatizo. Ukinihurumia kwa sababu nilikuwa mzazi mwenye kidonda, utamfanya nini yule dada niliyekuja kukutana naye kliniki, aliyeanza kwa sababu alikuwa na miaka kumi na tisa, ana pesa, na alitaka kujua ladha yake? Wanaume wengi niliowasikia wakitoa ushuhuda walianza hivyo hivyo, kwa udadisi na kwa kampani, na watu wakacheka wakisema ujana una mambo. Hakuna aliyewataka wathibitishe kwamba waliteseka kwanza ndipo wastahili kitanda. Mwanamke lazima aje na kidonda mkononi kama risiti. Mimi ninacho, lakini sitaki kiwe ndicho kinachonipa haki.

Baada ya kile kikao cha pili mama yangu mzazi alikuja kunichukua usiku. Majirani waliambiwa nimekwenda kujifunza ushonaji kwa ndugu. Nilipelekwa Mkuranga kwa bibi, nikafungiwa kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha la mbao. Mama hakuwa katili. Alikuwa analia upande wa pili wa mlango kila nilipokuwa nalia upande wangu. Arosto ni mwili mzima ukikudai: mifupa inauma, tumbo linafunguka, unatetemeka kwa baridi juani. Nilikaa wiki tatu. Siku niliyotolewa, watu wa nyumbani walinitazama wakaona nimetakata, nimeongezeka nyama kidogo, wakasema Mungu ni mwema. Siku ya pili mjini nilivuta. Nilivuta kiasi kile kile nilichokuwa nimezoea zamani, nikaanguka chooni, na shoga yangu akanimwagia maji mpaka nikavuta pumzi.

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mwili uliokaa wiki tatu bila unga husahau kuustahimili, na kwamba siku za kwanza baada ya kufungiwa ndizo siku ambazo watu wengi hufa. Daktari angetuambia. Lakini kwenda kwa daktari kungekuwa kujulikana, na familia ilikuwa imeamua kwamba binti wa watu hajulikani kwa jambo kama hilo. Walikuwa wananisitiri.

Hapa ndipo ninapogombana na watu ninaowapenda. Stara ni neno zuri. Nimelelewa nalo, na najua kuna siku lilinifunika nikahitaji kufunikwa. Lakini katika jambo hili la uraibu, stara imegawanywa vibaya. Aibu ya mwanamume inasitiriwa kwa kumpeleka mbali akatibiwe, kisha anarudi, anasimama mbele za watu anaeleza alikotoka, anapigiwa makofi. Aibu ya mwanamke inasitiriwa kwa kumficha yeye mwenyewe. Mume wangu aliporudi kutoka soba hausi palipikwa pilau. Niliporudi mimi kutoka Mkuranga niliambiwa nipitie mlango wa uani. Wazee wetu wana methali mbili ambazo tunawasomea wengine tu: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kama kweli tunaziamini, basi kila familia inayomfungia binti yake chumba cha nyuma inajua inachokifanya.

Maskani nilikoishia baada ya hapo ilikuwa gofu karibu na reli. Wanaume wanadhani maskani ni mahali ambapo mateja wote ni sawa, kwa kuwa wote ni wachafu na wote wana dhiki moja. Si kweli. Hata pale chini kabisa kuna walio chini zaidi. Mwanamume alikuwa anatafuta pesa kwa kubeba mizigo, kuosha magari, kuokota vyuma chakavu, au kuiba. Mwanamke alitegemewa auze mwili, hata kama aliwahi kuwa na kazi nyingine, na pesa yake ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa mwanamume fulani aliyejiita mlinzi wake. Unga ulipofika, mwanamume alitangulia. Sindano ilipokuwa moja, mwanamke alikuwa wa pili au wa tatu. Wengi wetu hatukujua hata kujidunga wenyewe. Tulidungwa na wanaume, kwa hiyo hatukuweza kukataa kiasi, wala saa, wala sindano yenyewe.

Katikati ya miaka ya 2000 watafiti waliokuwa wanafanya kazi hapa Dar es Salaam waliandika jambo ambalo lilishangaza madaktari wa nchi nyingi. Waliambiwa na wanawake waliokuwa wanauza mwili kwamba, mwenzao akishikwa na arosto na hana pesa, yule aliyebahatika kupata unga humpa damu yake mwenyewe ndani ya bomba la sindano, kwa imani kwamba damu hiyo bado ina unga wa kumtuliza. Unga uliokuwa ndani ya damu ile ulikuwa kidogo mno. Kilichokuwa na uhakika wa kupita ni virusi. Tafiti za miaka ile ile zilikuta kwamba maambukizi ya VVU kwa wanawake wanaojidunga jijini yalikuwa takriban mara mbili ya yale ya wanaume wanaojidunga.

Nimesikia habari hiyo ikisimuliwa kwenye semina kama mfano wa ujinga. Msimuliaji alikunja uso, na wasikilizaji wakaguna. Mimi naisoma tofauti. Wale walikuwa wanawake ambao hakuna ndugu aliyewachangia, hakuna shangazi aliyevua hereni kwa ajili yao, na walipobaki na kitu kimoja tu cha kumpa mwenzao, walimpa. Upendo ulikuwepo. Kilichokosekana ni kila kitu kingine: taarifa, sindano safi, dawa, na mtu wa kuwaambia kwamba wanaweza kuja.

Dawa yenyewe ilikuja. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, miongoni mwa za kwanza kabisa za serikali katika Afrika kusini mwa Sahara, kisha huduma ikasambaa hadi Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoa mingine. Methadoni ni dawa ya kunywa, inafanya kazi taratibu kwa zaidi ya siku nzima, inazuia arosto na inapunguza ile hamu, ili mtu aweze kufikiri jambo jingine mbali na kete inayofuata. Inatolewa bure. Naandika haya nikiwa nimekaa sawa kwa sababu yake, na sitasema hata neno moja la kuidharau. Ninachouliza ni hiki: kwa nini katika miaka ya mwanzo ya huduma ile wanawake walikuwa chini ya mmoja katika kila wagonjwa kumi?

Jibu la haraka ni kwamba wanawake wanaotumia ni wachache. Ni kweli wanaume ni wengi zaidi. Lakini hesabu ya wanaofika mlangoni haiwezi kutumika kueleza kwa nini hawafiki mlangoni. Nitakueleza nilichokikuta mimi nilipofika. Methadoni ni ya kila siku, na unainywa mbele ya muuguzi, asubuhi. Mwanamke anayefanya kazi usiku ndio kwanza analala saa hizo. Mwenye mtoto mdogo hana pa kumwacha, na akija naye anaulizwa kwa nini anamleta mtoto kwenye mateja. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku ni pesa ambayo mwanamume anaweza kuikwepa kwa kutembea. Mwanamke akitembea alfajiri kupita pale relini anajua nini kinamngoja. Foleni yenyewe ilijaa wanaume, na kati yao nilimwona yule aliyekuwa anachukua pesa zangu gofuni, yuko mbele yangu watu watatu, akitabasamu. Alikuwa na haki ya kutibiwa. Lakini mimi niligeuka nikarudi nyumbani, na nikakaa miezi mitano mingine kabla sijathubutu tena.

Niliporudi mara ya pili muuguzi aliyenipokea hakuniuliza natumia kiasi gani. Aliniuliza, "Wewe una mtoto, huoni hata haya?" Mwanamume aliyetangulia, mwenye watoto wanne, aliulizwa ana uzito gani.

Kuhusu wajawazito naomba niseme wazi, kwa sababu kuna msomaji ambaye habari hii inaweza kumwokoa yeye au dada yake. Mjamzito mwenye uraibu wa heroini akiacha ghafla, kama tulivyozoea kuwalazimisha majumbani kwa jina la kumwokoa mtoto, anaweza kupoteza mimba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unashauri apewe dawa kama methadoni badala ya kuachishwa kwa nguvu, na kwamba anayetumia dawa hiyo ahimizwe kunyonyesha, isipokuwa pale ambapo kuna hatari nyingine iliyo wazi. Kwa hiyo yule mama anayefungiwa chumbani "kwa ajili ya mtoto" anahatarishiwa mtoto huyo huyo. Lakini ukienda kliniki ya wajawazito na ukasema unatumia unga, huenda usitoke pale na heshima yako. Wengi hawasemi. Wengine hawaendi kabisa.

Nilipotulia kidogo nilianza kuhudhuria mikutano ya Hatua Kumi na Mbili. Soba hausi nyingi za huku kwetu, bara na visiwani, zinafuata njia hiyo, iliyotoka Marekani. Ilianzia kwa walevi wa pombe, Akron, Ohio, mwaka 1935, na mwaka 1953 wenye uraibu wa dawa wakaanzisha wa kwao California. Nyumba niliyokuwa nahudhuria ilikuwa ya wanaume. Wanawake tuliruhusiwa kuja Jumapili mchana tu, na mara nyingi nilikuwa peke yangu kati ya wanaume kumi na wanane. Hatua ya kwanza inakutaka ukiri kwamba mbele ya uraibu huna nguvu. Niliwatazama wale wanaume wakikiri. Kulikuwa na mmoja, zamani dereva wa malori ya Tunduma, aliyelia kama mtoto. Maisha yake yote aliambiwa yeye ni simba, na ule ukawa mlango wake wa kwanza wa kuwa binadamu. Niliona kazi ya maneno yale na nikayaheshimu.

Zamu yangu ilipofika nilijaribu kusema sina nguvu, sauti ikakwama. Siyo kwamba nilikuwa na kiburi. Nilikuwa natafuta zilipo hizo nguvu ninazotakiwa kuzisalimisha. Nguvu za nani? Nilidungwa na mkono wa mtu mwingine, nilifungiwa na ndugu zangu, mtoto wangu aligawiwa nikiwa nyuma ya pazia. Habari ya kwamba sina nguvu nilikuwa ninayo kabla sijaonja unga. Nilichokihitaji mimi kilikuwa mtu aniambie kinyume chake.

Sikuwa wa kwanza kukwama hapo. Kitabu kikuu cha wale walevi wa Marekani kilichapishwa mwaka 1939, na ndani yake kuna sura inayozungumza na wake za walevi kwa sauti ya wake wenyewe. Aliyeiandika ni Bill Wilson, mume, ingawa mkewe alikuwepo na alikuwa na mengi ya kusema. Mwaka 1975 mwanamke aitwaye Jean Kirkpatrick, msomi wa sosholojia aliyepambana na pombe kwa miaka mingi, alianzisha vikundi vya wanawake peke yao huko Pennsylvania, kwa hoja kwamba mwanamke mlevi hahitaji kushushwa zaidi ya alipo. Anahitaji kujiona ana thamani. Nilifurahi kumjua. Lakini kabla sijasikia jina lake nilikuwa tayari nimekutana na jambo hilo hilo likifanywa kwa namna ya kwetu.

Pale kliniki kulikuwa na mama mmoja, mwelimishaji rika, aliyetumia unga kwa miaka kumi na mitano na kuacha. Wanawake wote tulimwita Somo. Mwanzoni nilidhani ni utani. Somo kwetu ni yule mwanamke mkubwa anayemchukua mwali, anamwelekeza mwili wake, anamfundisha mambo ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Yeye alifanya kazi hiyo hiyo. Alitukusanya chini ya mwembe baada ya dozi, wanne au watano, na watoto wetu wakicheza pembeni. Alitufundisha kwamba hedhi zilizokatika kwa sababu ya unga zinaweza kurudi, na mimba inaweza kuingia kabla hazijarudi. Alitufundisha kukataa sindano ya mtu. Alitufundisha kumjibu muuguzi bila kumtukana. Siku moja nilimwambia mimi nimeharibika. Akaniuliza, "Umeharibika kama nini, mwanangu? Kama nyanya?" Tukacheka mpaka watu wakageuka. Sijawahi kulitumia neno lile tena juu yangu.

Wapo watakaosema huu ni ufeministi wa kizungu, unakuja kuvunja nyumba zetu. Nawajibu kwamba nyumba yangu ilivunjwa na kikao cha wazee waliojua mila vizuri sana, na ikaanza kujengwa upya na somo. Mila zilikuwepo pande zote mbili. Kinachobishaniwa ni mila ipi tunaichukua tunapokuwa na mgonjwa.

Wapo watakaosema naondoa wajibu wa mwanamke. Hapana. Sigara ile nilivuta kwa mdomo wangu. Niliuza shanga za bibi yangu. Nilimwacha binti yangu akiwa na homa nikaenda kutafuta kete, na hilo sitamaliza kulijutia. Ninachokataa ni kulipa deni langu na la mwenzangu, kisha yeye anunuliwe kanzu.

Na wapo watakaoniuliza kuhusu wanaume, kwani wao hawateseki? Wanateseka. Nimeona kijana akichomwa kwa tairi kwa kosa la sufuria ya watu, na mama yake akifika majivu yakiwa bado ya moto. Sitaki wanaume watibiwe kidogo. Nataka kile kikao cha kwanza, chenye dua na mchango na hereni, kiitishwe pia kwa ajili ya binti.

Kwa vitendo, hii ina maana ya mambo ambayo hayahitaji miujiza. Kliniki itenge saa za wanawake na kona ya watoto wenye mtu wa kuwaangalia. Ziwepo soba hausi za wanawake za kutosha, na ziwapokee na watoto wao, kwa sababu mama anayelazimishwa kuchagua kati ya tiba na mtoto atachagua mtoto na atakufa. Muuguzi wa wajawazito afundishwe kuuliza bila kuhukumu, na amjue mwenzake wa methadoni kwa jina na kwa simu. Wanawake waliopona waajiriwe, walipwe, wasiitwe tu kutoa ushuhuda siku ya maadhimisho na kupewa soda. Na wewe unayesoma, ambaye pengine una shahada na unadhani mambo haya ni ya Tandika, sikiliza vizuri kwenye kikao kijacho cha ukoo wenu, neno gani linatumika kwa nani.

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia simu. Mume wangu tuliachana zamani, lakini yeye na mimi hatukuachana.

"Wifi, kaka amepotea tena."

Nilikaa kimya.

"Wewe unayajua yale maeneo. Twende ukanisaidie kumtafuta."

Nilitaka kumuuliza mimi nilitafutwa na nani. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa miaka tisa, limekaa mdomoni tayari. Lakini nilimsikia anavyohema, na najua hofu hiyo, nikamwambia anisubiri kituoni.

Tulimkuta gofuni karibu na reli, kwenye ukuta ule ule. Wifi alipiga magoti akamshika mikono, akawa anamwita kwa jina la utotoni. Pembeni yake alilala msichana. Nadhani hakuwa amefika miaka ishirini. Alikuwa na kanga moja, na miguu imevimba. Wifi hakumwona, simlaumu, macho yake yalikuwa kwa ndugu yake. Wakaita bajaji, wakampakia, wakaondoka. Nilibaki.

Nilimuuliza yule msichana jina, akanitajia. Nilimuuliza kuna mtu nimpigie simu, akasema hakuna anayemtafuta. Nikamwambia, "Mimi nimekutafuta," na huo ulikuwa uongo, lakini sikuona ubaya wake. Tulikaa pale mpaka kulipopambazuka. Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya kliniki, yeye mbele, mimi nyuma yake nimemshikia mkoba. Muuguzi mpya akanyanyua kalamu, akamtazama juu mpaka chini, kisha akanitazama mimi.

Nikamwambia, "Muulize uzito wake, dada."

Akamuuliza.